Hodi Kwenye Mlango Wako Mwenyewe

Hii imenifikia kutoka kwa mtu aliyeletewa na mtu. Nami nakupa wewe, ila kwa sharti moja: usiirushe kwa mwingine kabla hujaifikisha mwisho. Ugonjwa unaosimuliwa humu ndio huo huo, wa kupitisha kwa wenzako kitu ambacho wewe mwenyewe hujakisoma.

Katika chuo kimoja cha ufundi, kule nyanda za juu ambako ukungu huingia madarasani bila kuomba ruhusa, alikuwepo binti akiitwa Atuganile. Alikuwa anasomea mitandao ya kompyuta, na moyoni alikuwa na jambo moja tu: mtihani wa cheti.

Si cheti cha chuo. Hicho kila mtu angekipata, aliyesoma na aliyesinzia. Hiki kilikuwa cheti cha nje, kile ambacho ukikiweka mezani hakuna anayekuuliza umetokea wilaya gani wala mjomba wako ni nani. Kila mwaka chuo kilimgharamia mwanafunzi mmoja kwenda mjini kukifanyia mtihani. Mmoja tu. Naye alipatikana kwa jaribio la vitendo: unakalishwa mbele ya mtambo, unapewa karatasi, unaambiwa unganisha.

Atuganile hakuwa na mjomba. Ndiyo maana aliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Sasa ijue kwanza desturi ya chuo kile. Waya ukishaungwa, mtambo wa upande mmoja hutuma ujumbe mdogo kwenda upande wa pili, kisha husubiri jibu. Wanafunzi walikiita kitendo hicho kubisha hodi. Jibu likirudi husema, "Ameitika." Lisiporudi, kioo huandika kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Neno hilo waliligeuza utani. Hata kwenye foleni ya wali, ukimsemesha mtu naye amezama kwenye simu yake, mwenzako atakwambia, "Mwache huyo, muda umekwisha."

Desturi ya pili iliitwa desa. Desa ni karatasi iliyoachwa na waliotangulia: walichoulizwa, walichojibu, amri kwa amri, hatua kwa hatua. Linatoka simu hii linaingia simu ile, wala hakuna anayejua aliyeliandika alikuwa nani, alifaulu au aliangukia pua. Lakini watu wanalikariri kama sala. Mtunzaji wake mwaka ule alikuwa kijana mmoja wa maneno laini, Ambokile, ambaye wenzake walimwita Waziri wa Madesa, naye jina lilimkaa vizuri kama koti la mshonaji hodari.

Atuganile alikuwa na rafiki mmoja, Sekela. Walikuwa chumba kimoja tangu siku waliyofika, na miezi ya baridi walijifunika blanketi moja. Sekela ndiye aliyemsuka nywele kila Jumamosi, akimvuta kichwa huku na huku na kumkaripia atulie. Walikubaliana kwamba wakati wa mazoezi ukifika, mmoja atakaa mwisho huu wa waya na mwingine mwisho ule.

"Mtandao ni wa watu wawili," Sekela alipenda kusema. "Mmoja anabisha, mmoja anafungua."

Basi siku moja wakiwa kantini na wenzao, Ambokile akamsogezea Atuganile simu.

"Atu, hiki kipande chako. Kariri ukurasa huu tu. Kila mtu ana wake, siku yenyewe tunakumbushana mlangoni, tunaingia."

"Nikariri kitu ambacho sijakishika?"

"Ukishike cha nini, dada? Majibu yapo."

"Majibu ya swali la nani?"

"Haya, mdahalo huo," mtu akasema, na meza nzima ikacheka.

Atuganile hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Aliweka kikombe chini. "Nyinyi mnajifunza kuogelea kwa kukariri jina la mto. Siku mtakayotupwa majini, mtaanza kuudai mto ufuate karatasi yenu."

Angeishia hapo angekuwa ameshinda. Hata waliocheka waliacha kucheka. Lakini ulimi mkali ni kama panga lililonolewa sana. Likishakata mti, linatafuta kingine. Akageuka, akamwona Sekela ameishika simu ya Ambokile, midomo yake inatembea kimyakimya, anakariri.

"Na wewe Sekela! Hata kichwa cha kukariri huna, unamfuata nani huko?"

Watu wakaguna. Sekela aliinamisha uso kama mtu aliyemwagiwa kitu mbele ya wageni.

Chai ilikuwa haijapoa simu ya Atuganile ilipotikisika mezani. Ujumbe ulikuwa mfupi: Ambokile amekuondoa kwenye kundi.

Wasiojua watasema, kundi la simu ni nini? Ni kila kitu. Humo ndimo ratiba ilimobadilishwa, ndimo tangazo la maji kukatika lilimotolewa, ndimo ugonjwa na msiba na harusi vilimopita. Kutolewa kundini chuoni ni sawa na kuhamishwa kijijini huku nyumba yako ikiachwa palepale. Alikutana na watu, waliongea naye mambo ya salamu, lakini hakujua tena wanacheka nini.

Alimwandikia Sekela maneno mawili: "Na wewe?" Alama za kuonyesha umesomwa zikageuka bluu. Jibu halikuja. Wiki haikuisha, Sekela akahamia chumba cha wenzake. Alichukua sanduku, ndoo na kitana cha kusukia. Blanketi aliliacha.

Jamani, hebu tuliweke jambo hili mezani. Anayetaka kujifunza ndiye anayetengwa, na wanaorushiana majibu ndio wenye kundi, ndio wenye vicheko, ndio wenye kuitana "familia"! Lakini tuendelee, maana hadithi hii haimwachi mtu, hata Atuganile mwenyewe.

Alikwenda kwa mkufunzi wao, Mwalimu Lwitiko, mzee mwenye sauti ya chini aliyekuwa akitembea na chupa ya chai popote aendapo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mitambo ya mazoezi, siyo? Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Mtandao wa peke yako?"

"Kuna aliyekuja mwingine, mwalimu?"

Mwalimu akamtazama kidogo, kisha akatoa ufunguo wa stoo mfukoni. "Mle ndani kuna vilivyochakaa tu. Vikikataa kufufuka, usinililie."

Stoo ilikuwa na viti vilivyovunjika miguu, maboksi ya chaki, na meza moja ndefu. Atuganile akazipata ruta za zamani, yaani ile mitambo inayopitisha ujumbe kutoka mtaa mmoja wa kompyuta hadi mwingine. Feni zake zilivuma kama nyuki wenye mafua. Akaiweka moja mwisho huu wa meza, nyingine mwisho ule.

Kila mtambo lazima upewe jina. Ya kwanza akaiita ATU. Ya pili akaandika SEKELA. Akalitazama jina lile kiooni, akalifuta, akaandika JIRANI.

Kisha akaanza kazi, na kazi ile haikumhurumia. Waya wa mtandao ukiuchuna, ndani yake mna nyuzi za shaba za rangi mbalimbali, na kila moja ina nafasi yake kwenye kichwa cha plastiki unachokibana kwa koleo. Baridi ilivifanya vidole vyake visihisi. Vichwa vya kwanza vilikuwa takataka, akavitupa. Vilivyofuata vilishika nusu. Ncha za shaba zikamchanja, akawa anashika kalamu darasani kama mtu anayeshika yai. Hatimaye mikono ilijua rangi bila kuuliza macho.

Akaingia kwenye anwani. Anwani za mitambo ni kama za nyumba: mkiwa mtaa mmoja mnasikilizana, lakini ukikosea tarakimu moja tu umehamia mtaa mwingine, piga kelele utakavyo. Alijifunza kuharibu makusudi. Angefumba macho akachomoa waya wowote, akabadili tarakimu popote, kisha akatoka nje kutembea mpaka asahau alichokifanya. Akirudi, anautafuta ugonjwa kama mganga aliyeitwa kwa mgonjwa asiyemjua.

Alijua pia amri moja aliyoipenda kuliko zote. Unaiuliza ruta: jirani yako ni nani? Nayo hutaja jina la mtambo ulio mwisho wa waya, hata kama anwani zimekosewa na hodi haijibiwi. Kila akiuliza, ATU ilimjibu: jirani yangu ni JIRANI.

Lakini hapakuwa na mtu wa kukaa mwisho wa pili. Kwa hiyo alibisha huku, akazunguka meza kwenda kufungua kule. Akabisha kule, akazunguka kuja kufungua huku. Siku mtandao wake mgumu ulipokubali kwa mara ya kwanza, aliruka kutoka kitini na kugeuka amwambie mtu. Vilikuwepo viti vilivyovunjika.

"Ameitika," akaviambia viti.

Akakaa tena. Feni zikaendelea kuvuma.

Siku ya jaribio ikafika, na ukungu wake. Vyumba viwili vya kompyuta vilikuwa jirani, ukuta mmoja kati yake, na nyaya zilipita kwenye tundu la ukuta. Mwalimu Lwitiko akagawa wanafunzi, wengine huku, wengine kule, akawapa karatasi.

"Kila mmoja ana mtambo wake," akasema. "Mwisho wa waya wako, chumba cha pili, kuna mtu na mtambo wake. Karatasi zinaeleza anwani za kila upande. Fanyeni kama mko kazini. Hakikisheni upande wa pili unaitika. Nafasi mnaijua, ni moja."

Kisha akaenda kukaa kwenye korido, katikati ya milango miwili, akafungua chupa yake ya chai.

Atuganile aliketi chumba cha kwanza. Vidole vilienda vyenyewe. Waya, jina, anwani ya ndani, anwani ya nje. Akasoma karatasi tena, akahakiki, akabisha hodi.

Muda wa kusubiri umekwisha.

Hakushtuka. Hilo alikwisha kulizoea kuliko wali wa kantini. Akapapasa kichwa cha waya, kimekaa. Akaisoma upya kila tarakimu yake, ni sahihi. Akauliza: jirani yako ni nani? Ruta ikajibu kwa jina asilolijua, bila shaka la kwenye desa. Kumbe waya ni mzima. Upande wa pili mtu yupo nyumbani, ila amejiweka mtaa mwingine.

Pembeni yake wawili wakanong'onezana.

"Wewe imeitika?"

"Wala. Lakini desa linasema hapa inaitika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo andika imeitika!"

Wakaandika, wakakunja mikono, wakatulia kama watu waliolipwa.

Atuganile angeweza kukunja mikono pia. Upande wake haukuwa na doa. Lakini karatasi haikusema tengeneza upande wako. Akasimama, kiti kikalia, chumba kizima kikamtazama. Kwenye mtihani hakuna anayesimama. Tangu shule ya msingi tumefundishwa: macho yako kwako, mdomo wako funga.

Koridoni akasimama mbele ya mzee. "Mwalimu, naruhusiwa kuvuka?"

"Karatasi yako inasemaje?"

"Inasema nihakikishe upande wa pili unaitika."

"Basi mimi unaniuliza nini?" Akanywa chai yake.

Akaenda mlango wa pili. "Hodi."

Vichwa viliinama juu ya mitambo. Hakuna aliyesema karibu. Ambokile tu ndiye aliyegeuka. "We! Huu ni mtihani, siyo kwa shangazi yako!"

Atuganile akautafuta waya wake kwenye tundu la ukuta, akaufuata kwa kidole, kando ya ukuta, chini ya madirisha, ukapanda juu ya meza ya mwisho. Hapo kwenye kibodi palikuwa na mikono aliyoijua. Mikono iliyomsuka nywele kila Jumamosi.

Atuganile akasimama.

Nafasi ilikuwa moja. Akigeuka sasa, Sekela ataanguka, na yeye atadai kwamba upande wake ulikuwa safi, na atakuwa amesema kweli tupu. Nani angemlaumu? Si walimtoa? Si ujumbe wake ulisomwa ukaachwa uning'inie kama nguo iliyosahauliwa kambani? Hoja alikuwa nazo, na zote zilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba hakuna hoja hata moja inayoweza kuufanya waya uitike upande mmoja.

"Hodi," akasema tena, chini.

Sekela hakuinua macho. "Kwangu imeitika."

"Kwangu bado."

"Basi kosa ni lako. Mimi imeitika yote. Tazama mwenyewe."

Atuganile akainama, akatazama kioo. Kweli, majibu yalikuwepo, yamepangana. "Umebisha mlango wa nani?"

"Wa upande wa pili. Desa lina..." Sekela akajikatiza.

"Soma karatasi yako. Anwani hiyo ni ya nani?"

Kidole cha Sekela kikashuka taratibu kwenye karatasi. Kikasimama. "Ni ya kwangu," akasema. Akarudia kama mtu anayejaribu kiatu: "Ni ya ndani kwangu mwenyewe." Akacheka kicheko kifupi kilichokaribia kuwa kilio. "Yaani nimejibishia hodi, nikajikaribisha?"

"Hata mimi," Atuganile akasema. "Tangu ulipohama."

Sekela ndipo akainua macho. Ukutani nyaya zilining'inia.

"Ya nje umeweka ipi?" Atuganile akauliza.

"Ya kwenye desa."

"Mimi sijakuuliza jibu la desa. Karatasi inasema ipi?"

Sekela akaisoma, akafuta, akaandika, polepole, kwa mkono wake. Akabisha hodi, safari hii mlango wa ng'ambo ya ukuta. Jibu likaja. Atuganile akarudi chumba cha kwanza akikaribia kukimbia, akabisha wa kwake. Likaja.

Muda ulipokwisha, Mwalimu Lwitiko aliwakusanya wote chumba cha pili. Ambokile hakumsubiri hata aweke chupa chini.

"Mwalimu, kuna mtu ametoka chumbani. Amekuja huku, ameongea na mtahiniwa. Hiyo si chabo hiyo, kuibiana majibu? Sheria ni sheria!"

"Nimesikia," mwalimu akasema. "Wewe mtandao wako unafanya kazi?"

"Unafanya, mwalimu! Umeitika wote."

Mwalimu akasogea nyuma ya meza ya Ambokile, akainama kwa shida, akauchomoa waya unaokwenda ukutani. Akasimama nao mkononi, mwisho wake unaning'inia. "Bisha tena."

"Mwalimu, si umechomoa?"

"Bisha, mwanangu."

Ambokile akabonyeza. Majibu yakaja. Moja baada ya jingine, bila haya, yakajipanga kiooni.

Wenzake wakanyoosha shingo kukiona kioo chake.

"Waya ninao mimi," mwalimu akasema. "Sasa huyo anayekuitikia ni nani?"

Akauweka waya juu ya meza.

"Aliyeandika hiyo karatasi mnayoikariri, kwa anwani hizi, alikaa chumba cha kwanza. Kwake yeye, mlango huo ulikuwa wa jirani. Ninyi mmekaa chumba cha pili. Mmebisha kwenu wenyewe, mkajiitikia, mkajipa hongera. Na wenzenu wa chumba cha kwanza," akawageukia, "ninyi angalau mlibisha kwa jirani. Hamkuitikiwa, mkaandika mmeitikiwa. Mkienda kazini, hospitali ikakosa mawasiliano, mtawaandikia wagonjwa hivyo hivyo?"

Mtu akakohoa. Waziri wa Madesa alikuwa bado anakitazama kioo chake kama kilichomsaliti.

"Umeitikiana waya mmoja tu," mwalimu akaendelea. "Una watu wawili, na nafasi ni moja. Na kuna shtaka la chabo. Atuganile, jitetee."

Atuganile akafungua kinywa. Hoja zilikuwa tayari, zimepangwa kama askari. Lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Hakuniambia jibu," Sekela alisema. Alikuwa amesimama, ameushika ukingo wa meza. "Aliniuliza nimebisha mlango wa nani. Basi. Kama hilo ni chabo, mwalimu, na wewe umempigisha chabo Ambokile sasa hivi."

Wachache wakacheka bila kutaka.

"Na kwa nafasi msinigombanishe naye. Ningekuwa na la kuidai ningeidai. Tazameni vidole vyake, kisha tazameni vya kwangu. Nilipaswa kusema siku ile kantini. Sikusema. Leo nimesema."

Akakaa. Mwalimu Lwitiko akafunga chupa yake, akatamka jina la Atuganile, na mambo yakaisha hivyo.

Nafasi aliipata. Pongezi hakuzipata. Watu walitoka wakipishana naye mlangoni kwa uangalifu, kama unavyompisha mtu aliyebeba kitu cha moto. "Mpendwa wa mwalimu," mmoja akasema alipokwisha kupita, kwa sauti iliyopimwa ili imfikie. Sekela naye alitoka na wenzake, wakimzunguka na kumsema. Atuganile aliona mgongo wake ukipotea kwenye ukungu. Alitaka kumwita. Aliwahi kumwita, akasomwa akaachwa. Hakuita.

Mtihani wenyewe ulikuwa bado mbele, na mikono ikiachwa husahau. Kesho yake, masomo yalipoisha, akachukua ufunguo kwa mwalimu, akaenda stoo kama kawaida.

Mwisho wa meza palikuwa patupu.

JIRANI haikuwepo. Palibaki alama ya mraba kwenye vumbi, mahali ruta ile ilipokaa muda wote ule. Damu ikampanda. Ambokile! Hawakutosheka kumtoa kundini, sasa wanamwibia hata vilivyochakaa? Akazunguka meza, akasukuma viti, tayari maneno yanajipanga mdomoni, makali, ya kumfuata mtu nayo hadi mlangoni kwake. Kisha akaona ATU imechomekwa waya mwingine, mrefu kuliko wake. Ulishuka mguuni mwa meza, ukatambaa sakafuni, ukaingia kwenye tundu la ukuta lililokuwa limezibwa kwa gazeti. Gazeti lilikuwa chini.

Kichwa cha waya ule hakuwa amekibana yeye. Kilikuwa kibaya kibaya, nyuzi zimejikunja, kazi ya mtu asiye na mazoea.

Akavuta kiti, akakaa. Akaiwasha ATU, feni ikaanza kukohoa. Akaandika anwani ileile ya kila siku, ya upande wa pili, ambao leo hakuuwasha yeye wala hakuna meza ya kuzunguka kwenda kuufungua.

Akabisha hodi.

Mstari wa kwanza: muda umekwisha. Wa pili: muda umekwisha. Akakitazama kioo bila kupepesa.

Wa tatu ukaitika.

Akaandika ile amri aliyoipenda kuliko zote: jirani yako ni nani?

ATU ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: SEKELA.

Ng'ambo ya ukuta mtu akasogeza kiti. Kisha ikaja sauti, ile iliyozoea kumkaripia atulie anaposukwa.

"Si umebisha? Karibu basi."

Funzo: Kabla hujajisifu kwamba umeitikiwa, uliza kwanza umebisha mlango wa nani, maana jibu ulilolikariri ni mwangwi wa sauti yako, na hata ujuzi uliochanja vidole hautoshi mpaka uvuke ukuta, ubishe kwa mwenzako, naye afungue.